Fundi Anuar wa Mpendae, Aliyeshindana na Simu

Jumanne alikuwa akitutania. Leo Ijumaa tumekaa kumsomea khitma. Mpaka sasa tumeduwaa.

Marehemu Anuar Mabrouk alizaliwa Jongowe, kisiwani Tumbatu, tarehe 14 Machi 1963. Skuli aliiacha mwaka 1979, kwa maneno yake mwenyewe, "kabla haijaniacha." Akaja mjini kujifunza ufundi wa mafriji na feni, na mwaka 1988 akafungua kibanda chake Mpendae. Msumari uliopinda, kipande cha mpira wa baiskeli, kifuniko cha chupa, kwake vyote vilikuwa vipuri.

Mwaka 1991 alimuoa Bi Rukaiya. Mwaka jana umeme ulikatika siku mbili, na insulini ya mkewe huyo ikakosa friji. Binti yao Ulfat akaiuliza akili bandia iliyomo kwenye simu yake. Ikampa njia kumi na mbili, nyingi zikitaka barafu, na barafu haikuwapo mtaa mzima. Fundi akatia chungu kidogo ndani ya kikubwa, akajaza mchanga katikati yao, akaurowesha kwa maji, na dawa akaiweka ndani ya kile kidogo. Dawa ikasalimika.

"Yajua vingi hiyo, mwanangu," akamwambia, "lakini haijapata dhiki."

Tangu hapo nyumba nzima ikawa upande wa Fundi. Simu ikisema hivi, yeye hufanya vile, na kila ikishindwa watu hupiga makofi.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 10 Septemba 2025, kifua kilimbana, maumivu yakamshuka mkono wa kushoto. Ulfat akaiuliza simu. Safari hii ikatoa njia moja tu: apelekwe hospitali sasa hivi.

"Gesi tu hii," Fundi akasema. Akakaanga chumvi, akaifunga kwenye kitambaa, akajikanda kifua. "Haya, nshapoa. Iambie imeshindwa tena."

Wote wakacheka, naye akaenda kazini. Kabla ya adhuhuri jirani alimkuta ameanguka kando ya feni aliyokuwa akiitengeneza. Moyo ulikuwa umeshasimama.

Ameacha mjane, Bi Rukaiya, watoto wawili, Ulfat na Suhaib, na wajukuu wanne. Ulfat ameomba na haya yasomwe mbele ya watu: asubuhi ile simu ilimwambia mara mbili ampeleke hospitali, na mara ya pili aliizima, kwa kuwa alitaka baba yake ashinde.

Mola amtilie nuru kaburini, na ampe bintiye usingizi.