Binti Aliyekataa Kulala Nyuma ya Kufuli

Ndugu waombolezaji, nani kati yetu amewahi kulala chumba kilichofungwa kwa nje, ufunguo ukiwa mfukoni mwa mtu ambaye hajulikani yuko wapi? Kama hayupo, basi tusikilizane vizuri, maana historia hii haielezeki bila kufuli.

Marehemu, ambaye nyumbani tulimwita Redio kwa sababu aliamka akiongea na kulala akiongea, alizaliwa tarehe 9 Aprili 2007, akiwa mtoto wa mwisho wa dereva wa lori na fundi cherehani, akasoma shule ya msingi jirani na nyumbani kuanzia 2014 hadi 2020, ambako walimu walimhamisha dawati kila muhula kwa kosa la kupiga soga, naye akaongeza marafiki kila alikohamishiwa. Januari 2021 alijiunga na sekondari ya bweni, na mama akaweka kando nguo za wateja ili amshonee sare.

Tarehe 17 Juni 2022 bweni lao liliungua, mlango ukiwa umefungwa kwa nje, matroni akiwa ametoka na ufunguo, na watu waliong'oa nondo za dirisha walimtoa Redio, lakini rafiki yake wa kitanda cha juu hawakumuwahi. Shule ilifungwa, ikaombewa, ikapakwa rangi, kisha mkuu wa shule akasimama paredi akasema, "Girls, let us move on," akawarudisha bweni lilelile, lenye kufuli jipya, kubwa kuliko la kwanza, eti kwa usalama wao.

Redio alirudi huko akiwa kimya. Mlango wa darasa ukifungwa alitoka mbio, jasho likimtiririka, na akirudi alifyekeshwa nyasi kwa utovu wa nidhamu. Mwalimu wa jiografia peke yake ndiye aliyemuuliza kinachomsumbua, akamsikiliza hadi mwisho, akamhamishia dawati la mlangoni na kumwambia, "Ukijisikia kutoka, toka, mwanangu, usiniombe ruhusa, ukipoa urudi." Tangu siku hiyo hakuwahi kutoka kwenye kipindi chake, alama zikapanda, hata akaanza kumtania mwalimu kwamba ramani zake za ubaoni zinafanana na viazi. Mwalimu akaitwa ofisini, akaambiwa anadekeza watoto, na dawati likarudishwa nyuma.

Kuhusu kazi, marehemu hakuwahi kuajiriwa, na katika hilo alifanana na kaka yake, ndiye mimi ninayewasomea, mwenye digrii ya ushauri nasaha, first class kabisa, ambaye mwaka 2023 alipeleka maombi shuleni hapo akajibiwa kwamba hakuna bajeti ya mtu wa kukaa na kuongea na wanafunzi, ilhali bajeti ya geti jipya la shule ilikuwepo. Hakuolewa, hakujaliwa mtoto, ameacha godoro, ndoo na sare ambayo mama ameshindwa kuikunja.

Machi 2024 alianza kujificha nyuma ya mabafu kabla bweni halijafungwa, akawa analala barazani msimu wa mvua, kwa sababu kati ya baridi na kufuli alichagua baridi. Alikamatwa, akaadhibiwa, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Alipoanza kukohoa, matroni alisema anaigiza ili arudishwe nyumbani, na baba alipoitwa tarehe 29 Aprili alimbeba mikononi kama mtoto mchanga. Alifariki hospitalini tarehe 3 Mei 2024 kwa nimonia, akiwa na miaka kumi na saba.

Familia inawashukuru madaktari, na zaidi yule muuguzi aliyeegesha kiti kwenye mlango wa wodi usijifunge, Redio akapata usingizi, inawashukuru majirani, madereva wenzake baba na mafundi wenzake mama. Mdogo wetu, lala kwa utulivu, hakuna atakayekufungia tena.

Mkuu wa shule, umekaa mstari wa mbele na shada lako tumelipokea. Tunadai wasichana waliobaki wapate mtu wa kuwasikiliza, anayehitaji dawati la mlangoni apewe, na mwalimu wa jiografia aachwe afundishe anavyojua. Hayo anza kesho. Kufuli la bweni halingoji kesho: jua halijazama, ufunguo unao, nenda kalifungue.