Samaki Waliogoma Kuhama

Shemeji: Haloo? Ni nani? Mbona kama unaongea ndani ya pipa?

Chiriku: Shikamoo shemeji! Ni Chiriku, mdogo wake marehemu, mwanamume wa kazi—

Shemeji: Marahaba. Kazi imefika wapi?

Chiriku: Imefika? Imekwisha! Samaki wote wako kwa fundi wa matangi, wanakusalimia. Matumbawe nimeyang'oa moja moja, nikayabeba ndani ya maji yao kama mayai. Tangi la kaka ni kavu, unaweza kuanika unga humo.

Shemeji: Na hiyo blubu-blubu ninayoisikia?

Chiriku: Mtandao huo. Siku hizi mtandao una—

Shemeji: Ni pampu. Nimelala na sauti hiyo ndoa yangu nzima, Chiriku.

Chiriku: [anakohoa] Basi... nasukutua.

Shemeji: Unasukutua huku unaongea?

Chiriku: Kipaji, shemeji.

Shemeji: Jirani wa dirisha la mbele kanipigia analia.

Chiriku: Kafiwa?

Shemeji: Anasema amemwona kaka yako. Sebuleni. Ameinama kwenye tangi, amevaa shati lake la njano, anagonga kioo kwa kidole vile vile alivyokuwa akigonga.

[mtandao unakwaruza]

Shemeji: Upo?

Chiriku: Nipo. Yule mama macho yake ndiyo hayo. Juzi kaliamkia koti lililoanikwa kambani.

Shemeji: Mume wangu nimemzika. Niambie nani yuko sebuleni kwangu.

Chiriku: ...Mimi.

Shemeji: Na shati?

Chiriku: Lake.

Shemeji: Ee Mungu wangu.

Chiriku: Usikasirike! Nilitumbukiza wavu, wote wakajichimbia kwenye matumbawe. Nikabembeleza, nikatukana, sikuona hata pezi. Ndipo nikaliona shati msumarini. Nikasema, ngoja niwaingize mjini hawa. Nikavaa. Nikagonga kioo.

Shemeji: Halafu?

Chiriku: Wakatoka. Hata yule wa mistari ya rangi ya chungwa, asiyetokaga nyumbani kwake. Wakajipanga kiooni, wananitazama usoni... Shemeji, walifurahi.

Shemeji: Si ndipo ungewachota!

Chiriku: Nichoteje? Mtu kaja mbio anadhani ni— Nikawalisha tu. Jana pia. Na leo.

Shemeji: Sikiliza. Kesho asubuhi mwenye nyumba anachukua funguo, umeme unakatwa. Pampu ikizimika watakosa hewa, watakufa humo humo, na matumbawe yote. Unataka tufiwe mara ya pili?

Chiriku: Usiseme hivyo.

Shemeji: Fundi ameshakoroga maji ya chumvi, anawangoja wao tu. Chota sasa hivi, mimi nikiwa nasikia.

Chiriku: Haya. Nakuweka kwenye spika, nahitaji mikono. [maji yanapigwa] Huyo mmoja! Ndooni! [maji] Wa pili! Huyu mnene, anapigana—

Shemeji: Kweli?

Chiriku: Haki ya Mungu! Huyu naye... njoo baba, njoo... kaingia! Wavu umenilowesha mpaka—

Fundi: Hodi humu.

Chiriku: [ananong'ona] Shemeji, nitakupigia ba—

Shemeji: Usikate! Nani huyo?

Fundi: Ni mimi, mama, fundi wa matangi. Nimechoka kungoja, nimeleta ndoo zangu. Nimesimama hapo dirishani kitambo. Nilidhani marehemu, nikarudi nyuma.

Shemeji: Fundi, amechota wangapi?

Fundi: Wavu uko ukutani, mama, mkavu. Anapiga maji kwa kiganja. Samaki wote wameuzunguka mkono wake.

Chiriku: Fundi bwana, kwenu hamfundishwi kupiga hodi mapema—

Shemeji: Nyamaza wewe. Fundi... ukimtazama kwa nyuma, anafanana naye?

[mtandao unakwaruza]

Fundi: Sana, mama.

Shemeji: Basi chota wewe. Yeye asimame hapo hapo mbele ya kioo, wamwone, mpaka atoke wa mwisho.

Chiriku: Shemeji, hilo siwezi. Bora nibebe ndoo, bora nifagie—

Shemeji: Simama, Chiriku. Fanya hilo moja. Salio langu linakwi—

Chiriku: Haloo? Shemeji? ...Imekatika. Basi Fundi, unaona, hapa kilichotokea ni kwamba—

Fundi: Futa uso kwanza, kijana. Wanakuangalia.