Sweta ya Kijani na Spoku za Baiskeli

Haya, nisikilizeni sasa, kwa sababu sauti yangu si kubwa, na mvua ikianza kupiga haya mabati mtanipoteza. Kina mama, ndugu zangu, na wewe mzee uliyekaa karibu na mlango ili utoroke mapema, nimekuona. Mwenyekiti ameniomba nisimame niwatie moyo wajane wapya waliojiunga na kikundi chetu cha kufuma. Nikamwambia, moyo wenyewe sina wa kugawa. Akasema, basi eleza tu vile ilikuwa. Hiyo naweza.

Mimi ni nyar Ndhiwa, binti wa Ndhiwa, nikaolewa hapa Rangwe. Mume wangu alikuwa fundi wa baiskeli, na wengi wenu hapa aliwazibia pancha. Mimi nilikuwa nanunua sweta za mitumba, nazifumua, nafuma upya. Hii kazi mnaijua. Unaigeuza sweta ndani nje palepale sokoni, unaangalia mshono wa ubavuni. Kama ilikatwa na mashine, achana nayo, uzi utatoka vipande vipande. Kama iliunganishwa kwa mkono, shika vizuri, na usitabasamu, maana muuzaji akiona meno yako bei inapanda.

Sindano za dukani zilikuwa zinanipindia. Siku moja mzee wangu akaja na spoku za baiskeli fulani iliyokufa, akazinyoosha, akazinoa kwenye jiwe mpaka ncha ikawa laini, akafunga kipande cha tyubu huku nyuma ili uzi usiteleze ukatoka. Akanipa, akasema, "Nyar Ndhiwa, hizi zikipinda, ujue ni wewe umepinda." Alikuwa mtu wa maneno, huyo.

Halafu akaugua. Sitawaeleza ugonjwa, wengi mmeuguza, mnajua. Nitataja baridi tu. Jua la hapa kwetu, mpaka kuku wanahema kivulini, na yeye anatetemeka chini ya blanketi mbili. Nikapata sokoni sweta moja ya kijani, nzito, uzi mzuri ajabu. Nikaifumua, nikamfumia yake, shingo ya kupanda juu na mikono inayofika vidoleni. Aliivaa mpaka siku alipoenda. Walipomvua ilikuwa bado ina joto. Samahani. Ngojeni kidogo.

Sasa, desturi yetu mnaijua. Baada ya mazishi watu wa boma wanakaa, nguo za marehemu zinaletwa nje, zinagawanywa. Huyu koti, huyu suruali, huyu viatu. Ni heshima, sikatai. Mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka, na sweta ikamwendea shemeji yangu, mdogo wake mzee. Ndugu zangu, nawaambia, mdomo ulifunguka na hakuna kitu kilitoka. Mjane mbichi atasemaje, "Hiyo niachieni"? Wangesema marehemu hajapoa na huyu ameanza kung'ang'ania vitu. Shemeji akaikunja, akaenda nayo.

Watu wanafikiri nilianguka siku ile ya kaburi, niliposhikwa na wanawake wawili. Hapana. Nilianguka sweta ilipotoka kwa lango.

Spoku zangu nikazitia kwenye kopo, nikalisukuma chini ya kitanda. Vitambaa vya makochi nikavitoa vyote, viti vikabaki uchi kama vya ofisi ya chifu. Mtu akija na kazi namwambia fundi hayuko, na anayesema hivyo ni mimi mwenyewe. Binti zangu wakipiga simu nasema niko sawa, nakata. Nilimwomba Mungu anichukue. Na nilimwomba kwa adabu, nikisema tafadhali. Mnacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kuna jirani yangu mmoja, yuko humu ndani, simtaji, atakasirika. Alikuwa anakuja na mitumba yake, anakaa mlangoni kwangu, anafumua. Haongei. Akimaliza anajipangusa nyuzi, anaenda. Alinikera! Siku moja nikamuuliza, "Kwani wewe kwako hakuna mlango?" Akasema, "Uko, lakini huu wako una mwangaza." Akaendelea kufumua.

Basi mvua za masika zikaingia, na shemeji akaja na sweta kwenye kifuko. "Shem, imefunguka hapa kwa kiwiko, na inaendelea kupanda. Nimepeleka kwa fundi wa cherehani, ameniambia nirudishe kwa aliyeifuma." Akaiweka kwenye kiti, akasema anapitia kwa daktari wa mifugo kwanza, atarudi.

Nikafunga mlango. Nikaichukua ile sweta, nikatia uso wote ndani. Nikanusa ng'ombe. Nikanusa moshi. Nikanusa jasho la mtu mwingine. Nikatafuta shingoni, nikatafuta kwapani, nikaigeuza ndani nje kama vile tunafanya sokoni. Mzee wangu hakuwa humo. Wuololo! Wakati wote ule nilikuwa nimejiambia kwamba kuna mahali yuko, yuko kwa shemeji, ndani ya ile sweta, na iko siku nitamrudisha nyumbani. Kumbe hayuko popote.

Kurekebisha kiwiko unafumua kidogo, unarudishia. Mimi nilikata mishono, nikavuta. Mkono mmoja ukaisha. Nikavuta wa pili. Mgongo. Kifua. Shingo ile ya kupanda juu, ikaisha pia. Sikuwa na hasira. Sikuwa na kitu chochote.

Shemeji akarudi, akanikuta sakafuni katikati ya uzi. Nikangoja matusi, na yangu nilikuwa nimeyaweka tayari. Akachuchumaa, akashika uzi, akauangalia. Akasema, "Shem. Hii ndiyo nilikuwa navaa nikienda kumweleza habari za ng'ombe."

Nikamuuliza kumweleza nani. Akasema, "Ndugu yangu. Huwa naenda pale kaburini Jumapili." Akalia, mwanaume mzima, kamasi mpaka kidevuni. Na mimi nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba kuna mtu mwingine alifiwa.

Tulilia mpaka tukachoka. Halafu akajifuta na mkono wa shati, akauliza, "Zile spoku bado unazo?" Nikasema ziko. "Unajua ni za baiskeli yangu? Alinipokonya, akasema mke wake anazihitaji kuliko mimi. Nilinuna mwezi mzima. Zilete."

Zilikuwa zimeshika kutu. Akatafuta msasa kwenye vifaa vya marehemu, akakaa mlangoni kando ya jirani yangu, aliyekuwa amekuja kama kawaida yake, akasugua spoku huku yule anafumua. Mimi nikaosha uzi, nikautundika na mawe chini ili unyooke ukikauka. Nilifanya hivyo kwa sababu mikono inajua, si kwa sababu nilikuwa na nguvu. Uzi mwingine ulikuwa umekwisha kulika, haukutosha sweta kamili. Nikamfumia shemeji ile isiyo na mikono. Uliobaki nikatengenezea kitambaa cha kiti kimoja tu, kile alichokuwa anakalia mzee.

Sasa nyinyi mliofiwa juzi, mnaniangalia mkisubiri niseme itaisha. Sitasema. Mimi haijaisha. Kuna asubuhi bado naamka nikiwa sitaki, na kufuma hakujanirudishia mtu. Ninachowaambia ni hiki: nguo zikigawanywa, kama kuna moja inakuuma, sema. Waache waseme unang'ang'ania vitu. Na mtu akija kukaa mlangoni kwako bila kuongea, usimfukuze. Mimi nilijaribu kumfukuza wangu, akakataa kuelewa, na ninamshukuru kwa huo ukaidi. Kikundi hiki, ero kamano, asanteni. Mlinipokea nikiwa sisalimii mtu. Shemeji yangu hayuko hapa, lakini yeye ndiye namshukuru zaidi, maana angeweza kunitukana na angekuwa na haki.

Bado anaenda kaburini kila Jumapili. Akitoka huko anapitia kwangu na ile sweta yake isiyo na mikono, anakalia kiti chenye kitambaa cha kijani, anaanza upya: ipi imezaa, ipi inakohoa, ipi imeruka ua wa watu. Ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe. Zinanichosha, nawaambia ukweli. Lakini namwekea chai, nashika spoku zangu, namsikiliza mpaka mwisho.