Kuramoto Alipoinama

Ndani ya basi linalopitia uwanjani Saint Paul, Bibi Avelina alimsikia Chacha, beki mstaafu, akimwambia Kerubo, abiria aliyekaa naye, "Leo Kuramoto anaagwa uwanjani, anastaafu. Mshambuliaji hodari yule, Mjapani. Goti lake nililiumiza mimi, tangu hapo akawa mtu wa benchi."

"Ukamwomba radhi?" Kerubo akauliza.

"Alitoka akichechemea, akageuka akaniinamia. Nikadhani ananikejeli, nikampa mgongo. Juzi tu ndiyo nimeambiwa kwao kuinama ni kumshukuru mpinzani."

"Basi shuka, na wewe ukamwinamie."

"Hanikumbuki, dada."

"Goti linakumbuka."

 Kituo cha uwanjani kilikaribia, mkono wa Chacha haukunyanyuka kuvuta kamba ya kengele. Bibi Avelina, ambaye kwake kulikuwa bado mbali, akamvutia. Basi likasimama, mlango ukafunguka.