Jamhuri ya Uvunguni

Kijiwe chetu pale Nyarugusu, nyuma ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kina benchi moja na sheria moja: ukiinuka, kiti si chako tena. Hata ukienda haja, ukirudi utakuta mtu kakaa, kakunja nne, na huna pa kushtaki. Ndiyo maana sisi wenye benchi tunajibana mpaka jua linazama. Benchi lenyewe ni ubao mnene uliopigiliwa juu ya magogo, na magogo yamefunika mdomo wa duara la zamani, shimo la dhahabu lililoachwa siku nyingi. Mbele yetu Mama Rhoda anauza kahawa na kashata; bila kahawa yake, benchi ni ubao tu. Asubuhi hiyo tulikaa wanne: Boaz, tunayemwita Redio kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia, Chacha wa Tarime, mchimbaji aliyestaafishwa na mgongo, jina lake la kijiweni Mtaimbo; Mzee Mwigulu, aliyetoka Samuye kuja kuuza maksai akasahau kurudi, naye ni Mzee Maksai, na mimi hapa pembeni, ninayesukumwa na wote. Cornel alikuwa amesimama ukutani akitafuna muwa. Huyo analimezea mate benchi letu tangu mwaka juzi.

Kahawa ya kwanza tu, chini yetu pakagonga. Ko, ko, ko.

— Mmesikia? Mama Rhoda akashtuka. Jamani inukeni! Mdogo wangu Luka yuko chini. Duara lao limejifukia alfajiri, wenzake wako kule sokoni wanatoa kifusi. Inukeni, huenda ni yeye!

— Pole sana mayu, akasema Mzee Maksai. Lakini si umesema wanamtafuta kule?

— Ndiyo, kule.

— Basi huku hayupo, akadakia Redio. Mtu hawezi kupotea sokoni akagonga kijiweni. Huyu anayegonga ni mwingine. Na huko chini hatuna ndugu. Swali ni moja tu: ni raia wa nchi gani?

Nikajua leo tumekwisha. Redio akishauliza swali mwenyewe, anajibu mwenyewe.

— Nchi ipo, akasema Mtaimbo. Mimi nimechimba, msinibishie. Nikiwa chini nilikuwa nasikia jogoo.

— Jogoo! akasema Redio. Basi na serikali ipo. Hiyo ndiyo Jamhuri ya Uvunguni. Inaanzia hapa tulipokaa, inapita chini ya Tinde, inaishia Samuye.

— Samuye wapi?

— Kwako, Mzee. Chini ya zizi lako.

Mzee Maksai akajipiga paja.

— Ndiyo maana ng'ombe wangu walikuwa wanakonda! Kumbe wanakamuliwa kwa chini!

Ko, ko, ko, ko.

— Inukeni basi hata kidogo tu! Mama Rhoda alikuwa amepiga magoti, sikio kwenye magogo. Luka! Luka, baba! Namsikia anakohoa!

— Hicho si kikohozi, mama, ni lugha yao, akasema Mtaimbo. Watu wa Uvunguni ni wafupi maana dari iko chini. Milima yao inaning'inia. Mtu akipanda mlima, anashuka.

— Na mvua yao ni choo cha sokoni, akasema Redio.

Nami nina akili zangu, nikauliza masika yao huwa lini.

— Siku ya mnada, akanijibu bila kupepesa.

Mama Rhoda akamgeukia Cornel.

— Cornel mwanangu, njoo uwaondoe hawa.

— Mimi sijakaa, Mama Rhoda. Waambie waliokaa.

Mama Rhoda akamvuta Redio shati. Redio akashika ubao kwa mikono miwili.

— Usiniponze, mama! Hujui wanachogonga. Wanagonga mpaka! Wanadai tumekalia ardhi yao. Tukiinuka tu, tumeuza nchi.

— Tupeleke balozi tuyamalize, akasema Mtaimbo.

— Nani?

Balozi lazima ainuke. Tukatazamana, tukamtazama Cornel, tukajishikilia vizuri zaidi. Mwisho Mzee Maksai akatoa hukumu, kwamba sisi sote wanne ni mabalozi, na ubalozi wetu ni hapahapa kwenye benchi. Tukapongezana. Redio akaomba kahawa nyingine ya kusherehekea.

Chini pakagonga mara moja. Ko. Halafu pakanyamaza.

— Umeona? Wameridhika, akasema Redio.

Mama Rhoda alilia kwa sauti, kilio cha msibani kabisa. Halafu akajifuta macho kwa kitenge, akaliendea birika lake, limejaa pomoni, kahawa ya kutwa nzima. Akalibinua. Kahawa yote ikamwagika juu ya mkaa, jiko likafuka mvuke.

— Kahawa imekwisha, akasema.

Tukainuka wote wanne kwa pamoja, kila mtu na manung'uniko yake.

Cornel hakungoja. Akaruka, akakaa katikati, akakunja nne. Mguu haujatulia, gogo likasukumwa kutoka chini, benchi likainuka, yeye akabiringika mpaka kwenye kashata. Pale ulipokuwa ubao ukatokea mkono wenye vidole vilivyochubuka, kisha kichwa kilichojaa vumbi, taa yake imezima.

Mama Rhoda alimvuta mdogo wake kwa makwapa, akamlaza mapajani, akamfuta uso, huku akimwita jina lake na kumtukana kwa furaha. Luka akakohoa sana. Akanywa maji. Akatutazama.

— Shikamooni wazee, akasema, sauti imekauka.

— Marahaba, tukaitika kwa haraka.

— Nilipita njia ya zamani ya chini kwa chini, nikakuta mdomo umefunikwa. Nilikuwa nawasikia vizuri tu, kila neno. Na dada nilikuwa namsikia. Akapumua. Kwani kwa nini hamkuinuka?

Redio akainama kuokota kashata zilizomwagika. Mtaimbo akashika mgongo wake. Mzee Maksai alianza kutafuta kofia yake, na kofia ilikuwa kichwani. Benchi lilikuwa limelala hapo, tupu, lote.

Hakuna aliyekaa.