Bugali Ambao Mke Wangu Alikataa Kumega

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa zake leo, hata na mimi niliyemnyima kwa muda mrefu. Wale wa nyuma mnanisikia? Vizuri, maana sina sauti ya mhubiri. Kwa miaka miwili nimekuwa nikikaa pale karibu na mlango, kusudi nitoke haraka kabla mtu hajaniuliza habari za nyumbani. Leo nimeomba nafasi mimi mwenyewe. Naitwa Kasereka, nakaa hapa hapa Butembo, mtaa wa Kimemi, nabeba mbao sokoni. Wengine Mungu amewaokoa na pombe, wengine na ugonjwa. Mimi ameniokoa na uongo wa neno moja tu: nimeshakula.

Nianzie kwetu, Alimbongo. Wanaojua kule wanajua baridi yake. Jioni tulikuwa watoto sita jikoni, tumezunguka sahani moja, magoti yanagusana, moshi unatutoa machozi, na hakuna aliyetaka kusogea. Mama anasonga bugali, maharagi yanachemka na viazi ndani yake. Na hakuna mkono uliogusa chakula kabla ya mkono wa baba. Baba alikuwa ananawa polepole, kidole kwa kidole, na sisi tunameza mate. Nadhani alikuwa anafanya makusudi. Kisha anamega tonge la kwanza, analichovya kwenye mchuzi, lakini yeye mwenyewe hali. Anampa mtoto mdogo kuliko wote. Hapo ndipo mikono yote inaingia.

Miaka minne tonge lile lilikuwa langu. Dada yangu mdogo alipoanza kula bugali akaninyang'anya, nikanuna wiki nzima. Nimekula nyama ya arusi, nimekula kwa watu wakubwa, lakini sijaonja kitu kitamu kuliko tonge lile la mkono wa baba.

Baba alipofariki, tulirudi kutoka kaburini, chakula kikawekwa, tukabaki tunakitazama. Mama ndiye aliyenyoosha mkono akamega. Kwetu ndivyo ilivyo: mama akimega, mwenye nyumba hayupo tena. Mke wangu Kavira alikuwa amekaa kando yangu siku ile, bibi arusi wa miezi michache, akaona yote. Ndugu zangu, kumbukeni jambo hilo, maana ndilo lililokuja kunikamata.

Tukaenda Oicha, nikalima kakao. Sasa mimi ndiye nilikuwa namega. Sombe ya majani ya muhogo yenye mawese, samaki, ndizi za kuchoma. Masika, mtoto wetu wa kwanza, alikuwa ananipokea njiani jembe langu, jembe refu kuliko yeye. Tukapata watoto wengine watatu, wa mwisho Mbambu. Nilikuwa mtu wa kuita kila anayepita: njoo ule. Kama hukukaribia, nilikasirika.

Kisha ikawa vita. Wengi wenu mlipita njia ile ile, sitawarudisha huko. Tulitoka na nguo za mwilini, sufuria moja na mwiko. Mpaka leo sijui kwa nini Kavira alibeba mwiko.

Hapa Butembo tulipata chumba kimoja. Kazi ya mbao siku nyingine iko, siku nyingine hakuna. Jioni moja Kavira aliweka bugali mdogo kama ngumi mbili, na majani ya maboga bila mafuta. Nikanawa. Nilipotaka kumega niliona macho manane, macho ya watoto wangu wanne, yanafuata mkono wangu. Niliona haya mpaka mifupani. Nikajiambia: Kasereka, tumbo kubwa kuliko yote humu ndani ni lako. Ukikaa mbali, hawa watashiba.

Kesho yake sikurudi jioni. Nilikaa nyuma ya mbao mpaka giza, nikanywa maji, ndipo nikaenda nyumbani. Kavira akauliza kama nitakula. Nikamwambia nimeshakula na watu wa kazi. Alinitazama, akafunika chakula. Nikaona watoto wamelala, nikafurahi: wamelala, basi wameshiba. Asubuhi nikawakuta wanakula bugali wa baridi, kiporo ambacho kwetu kila mtu hujimegea, nikafurahi zaidi. Kumbe chakula kinabaki!

Ikawa desturi, wiki kwa wiki. Nilijiona mtu mwema sana, ndugu zangu. Mtu anayefunga kwa ajili ya watoto wake. Na papo hapo nilikuwa nimemkasirikia Mungu. Nilimwomba nyama, nilimwomba mafuta, nilimwomba aturudishe Oicha. Alinyamaza, nami nikaacha kuimba. Masika naye akaacha kunisemesha. Ananisalimu huku anasugua sufuria, haniangalii usoni. Nikasema ni umri, amefika miaka kumi na miwili.

Siku moja mvua kubwa ikanyesha kabla ya jioni. Maji yakapita katikati ya soko, na mahali pangu nyuma ya mbao pakawa mto. Nilimnung'unikia Mungu kwa sauti: hata mahali pa kukaa na njaa yangu unaninyima? Nikakimbia nyumbani. Lakini sikuingia. Nilisimama chini ya mabati, nimejibana ukutani, nikingoja wamalize kula.

Mlango ulikuwa wazi kidogo, nikachungulia. Bugali upo katikati, mzima, mvuke unatoka. Beseni la kunawia lipo mahali pangu, na kitambaa kimekunjwa juu ya kiti changu kifupi. Watoto wamezunguka, mikono magotini. Mbambu amesinzia begani kwa dada yake. Hakuna anayekula.

Masika akasema, "Mama, tukule. Papa alisha kula kwa njia. Ye mwenyewe anasemaka hivi kila siku."

"Tunamungojea," Kavira akajibu.

"Kila siku tunamungojea, na kila siku batoto banalala na njaa. Mega tu, mama."

"Hapana, Masika. Mama ya papa yako alianza kumega siku tulitoka kuzika mume yake. Niliona na macho yangu. Mie siko mujane."

Masika akasema, "Basi mie nitamega." Akanyoosha mkono.

Ndugu zangu, nilikuwa nimesimama nje, mzima, nalowa, na mtoto wangu yuko tayari kunizika kusudi wadogo zake wale. Sikufikiri. Nilisukuma mlango, nikaingia na matope yangu. Mkono wa Masika ukasimama hewani. Nikakaa kwenye kiti changu, nikanawa kwa haraka hata nikamwaga maji. Nikamega tonge. Nikalichovya, nikamwamsha Mbambu, nikamwekea mdomoni. Alitafuna macho yakiwa bado yamefungwa, akatabasamu.

Wote wakaingiza mikono, isipokuwa Masika. Alikuwa ananitazama, sasa usoni kabisa.

"Kesho utakuya?" akauliza.

"Nitakuya."

"Ata kama hauna kitu?"

"Ata kama sina kitu."

Ndipo akamega. Mimi nililia mbele ya watoto wangu, nikala bugali wenye chumvi ya machozi, na sikuona haya tena.

Baadaye nilimwuliza Kavira kwa nini hakuniambia. Akasema, "Na wewe, juu ya nini ulinidanganya?" Alijua tangu siku ya kwanza, maana tumbo langu lilikuwa linanguruma usingizini. Alikubali kwamba naye alikosea kwa kuwaacha watoto walale bila kula. Lakini kumega, alisema, hata leo hawezi. Kichwa kigumu kilioa kichwa kigumu. Mnamwona pale anacheka.

Jioni ile bugali haukuongezeka. Ulikuwa ule ule mdogo, na hatukushiba. Lakini mwana wangu wa pili alisimulia habari ya ng'ombe aliyeingia darasani shuleni kwao, na tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nilikuwa nimeinyima nyumba yangu kicheko hicho, nikidhani ninaipa chakula.

Tangu siku ile sijakosa jioni hata moja. Siku za kazi nakuja, siku za mikono mitupu nakuja. Kuna jioni tulikuwa na viazi vitamu viwili, nikavimega vipande sita, cha kwanza kwa Mbambu. Oicha bado hatujarudi. Mafuta bado ni ya Jumapili. Sikuletewa nyama niliyoomba, nililetewa mvua niliyoilaani, na namshukuru Mungu kwa kila tone lake. Nilidhani amenyamaza, kumbe alikuwa ananifukuza niende nyumbani.

Baba uliyekaa hapo ukiogopa macho ya watoto wako, nakusihi: mtegemee Mungu, na uende mikono mitupu. Hawangoji mfuko wako. Wanangoja unawe mikono. Naye aliyetuvusha njia ile atakaa nasi hata kwenye sahani ya majani.

Mchungaji anisamehe, na waimbaji wanisamehe, sitangoja wimbo wa mwisho. Kavira ametangulia kutoka, nadhani mmemwona, amekwenda kusonga. Jioni imefika, na kwangu hakuna anayekula kabla sijafika.