Kocha Wetu Ambaye Sasa ni Kocha wa Wengine

Mgeni rasmi, Kocha Phelista Nasimiyu. Mwenyekiti wa soko, Mzee Kiarie. Wageni wetu timu ya Mwamba kutoka Bungoma. Majirani na wateja wote: sisi wanawake wa timu ya voliboli ya hapa sokoni Kitale tunawasalimu kwa mikono miwili.

KUKUKARIBISHA

Karibu utufungulie uwanja huu mpya. Tungependa kusema kwamba sisi ndio tuliokualika, lakini ni Mzee Kiarie, na hakutuuliza. Alisema tu, "Si mtafurahi? Huyo ni mtu wenu." Hapo ndipo shida yetu inapoanzia, mgeni rasmi. Mtu wetu tangu lini akaitwa mgeni?

TULIKOTOKA

Ulitukuta tukiuza vitu vilevile mahali pamoja, kwa hivyo hatukupendana. Chepngeno na Rosaline, wote wauza nyanya, walikuwa hawasalimiani. Waliotoka Ndalu waliketi na wa Ndalu. Uwanjani kila mmoja alitaka kuwa mpigaji, na mpira ukimfikia hautoki. Ulitutazama siku hiyo ya kwanza, mikono kiunoni, ukasema maneno ambayo mpaka leo tunayaigiza: "Nyinyi wamama, mpira si kiti, bana! Mbona unaikaria? Peana!"

Kisha ukatuletea desturi yako. Baada ya mechi, waliokaa benchi ndio wanaopakuliwa kwanza, na nahodha ndiye anayeshika mwiko. Tulinung'unika sana. Rosaline aliuliza mbele ya watu, "Ati mtu hajatoa jasho na ndiye anakula paja ya kuku?" Ukamjibu, "Huyo amekaa mechi nzima akitamani nafasi yako, na bado amekupigia makofi. Sasa nani amefanya kazi ngumu?" Tukasogea, wa benchi wakapakuliwa.

Ulikataza pia kumgombeza mtu aliyekosea. Aliye karibu naye amguse bega, basi, mchezo uendelee.

TULIYOYAVUNA

Tulishinda kombe moja, nalo liko dukani kwa Mzee Kiarie kati ya sukari na sabuni. Lakini mavuno yetu makubwa hayakai kwenye rafu. Chepngeno alipolazwa hospitali, Rosaline aliuza nyanya za Chepngeno kabla ya kugusa zake mwenyewe. Hakuna aliyemtuma. Wakubwa wa maofisi wakitaka kujua jinsi ya kuunganisha watu wao, wapunguze semina za hotelini, waje waangalie kwenye sufuria nani anapakuliwa kwanza.

YANAYOTUUMA

Mzee Kiarie alitushauri tuandike hapa upungufu wa mipira. Tuliandika, kisha tukafuta, kwa sababu mipira ipo. Kinachotuuma ni wivu.

Uliondoka kwenda kumuuguza mamako Misikhu, na Mwamba wakakuona uko karibu nao, wakakuomba uwafundishe. Ungekuwa umetukosea tungekusema wiki moja tukapoa. Lakini uliondoka kwa sababu njema, tukakusindikiza na gunia la mahindi huku tukicheka, na tangu hapo hatuna hata wa kulaumu.

Halafu Chepngeno akatuonyesha picha kwenye simu. Nahodha wa Mwamba ameshika mwiko, anampakulia msichana wa benchi, nawe umesimama nyuma yao unatabasamu. Mwamba, msikasirike, nyinyi ni wageni wetu na chai iko tayari. Lakini ile picha ilituchoma. Tulidhani desturi ile ulitushonea sisi kwa vipimo vyetu, kumbe unaitembeza.

Na mechi yetu na Mwamba kule Webuye unaikumbuka. Seti ya mwisho, alama zimelingana, Mwamba wanarudisha mpira, nawe ukawapigia wasichana wako kelele, "Nyuma! Nyuma!" Sisi sote tukarudi nyuma. Timu nzima, mgeni rasmi, tulikutii wewe uliye upande wa pili, na mpira ukadondoshwa polepole mbele ya wavu pasipo na mtu. Watu walicheka mpaka refa akacheka.

Njiani kurudi hatukugusana mabega. Tulilaumiana mpaka Kitale, na waliotoka Ndalu wakarudi kuketi na wa Ndalu. Siku hizi mwiko unashikwa na yeyote aliye na njaa. Wenzetu wengine wamesema wazi kwamba tukishindwa leo kwa namna ile, wataziweka jezi chini, na bila wao hakuna timu. Waswahili husema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mgeni rasmi, tumekonda.

MAOMBI

Hatukuombi urudi. Tulikuwa tumeliandika ombi hilo, Rosaline akalipinga: "Na mamake ataangaliwa na nani? Mimi?" Tukaona haya, tukaliondoa.

Tunaomba jambo moja. Leo tunacheza na Mwamba kwenye uwanja huu. Tafadhali ukae hapo katikati, kwenye kiti cha mgeni rasmi, wala si kwenye benchi lao, na usiseme neno mpaka mechi iishe. Tunataka kujua kama tulijifunza mchezo au tulijifunza tu kukusikia wewe. Mwamba nao wajijue. Ndiyo, ombi hili lina wivu ndani yake. Tumeupunguza kadiri tulivyoweza.

Mungu ampe mamako nguvu, akufikishe Misikhu salama jioni hii, na kazi ya mikono yako isikauke. Mwamba nao tunawabariki, ingawa si kabla ya mechi.

Na kama utashindwa kunyamaza, kwa maana tunakujua, basi tunakusihi, Kocha: jina la kwanza litakalokutoka mdomoni liwe la mmoja wetu.

Ni sisi,
Wanawake wa Timu ya Voliboli ya Soko, Kitale.
Imesomwa kwa niaba yao na nahodha, Wakiuru Gathogo.